Batri Yenye Kufichwa mu Kitambaa

Kila asubui, jua ikishafika ku mabati ya mutaa wa Mususa, Bénite alitosha meza yake mbele ya nyumba ya shangazi Adèle. Panneau ya kutosha umeme ku jua ilikuwa juu ya nyumba. Nyuzi zilishuka toka kule paka ku meza. Batu ba avenue balileta simu, taa na radio, naye alizichaji. Bénite alisoma masomo ya primaire tu, lakini alikuwa na macho ya kuangalia. Alijua simu ya kila mutu bila kuandika jina.

"Wavukire, Bénite," sauti moja ilisalimia.

"Wavukire, yaya Melchior."

Melchior, mwenye Bénite alimuita yaya sawa kaka yake mukubwa, alikuwa mwenye kuongoza korali ya kanisa. Alitosha mu koti yake kitu kidogo, kirefu kama kidole, chenye kufungwa mu kitambaa ya kupanguzia jasho. Mwisho wake tu ulionekana, fasi ya kuingiza uzi.

"Unichajiye hii. Mais usifungue kitambaa."

"Iko nini?"

"Taa ndogo ya kusomea Biblia."

"Biblia yako iko na siri gani, paka taa yake inavaa nguo?"

Melchior alicheka bila kuonyesha meno. "Nitarudi saa sita."

Bénite aliona ile kicheko. Haikumupendeza. Lakini Melchior ni mutu wa heshima, na yeye iko mutoto mbele yake. Hakufungua. Chargeur ndogo zote zilikuwa na kazi, donc alitia uzi ku ile kubwa, yenye nguvu. Akalaza kitu katikati ya simu za batu, karibu na simu ya Mama Vagheni.

Saa sita haiyafika, harufu ilikuja. Kwanza ilikuwa tamu kama bonbon. Kisha ikakuwa kali mu pua. Bénite aligeuka. Kitambaa kilikuwa kinatosha moshi!

"Mutoke! Musiguse kitu!" alipiga kelele kwa nguvu.

Aliruka, akakata courant yote ya umeme. Papo hapo kile kitu kililia *fshhh*, kikatema moto. Kwa jirani bafundi ba kujenga baliacha muchanga mukavu. Bénite alijaza beseni, akamwanga juu ya moto. Alimwanga tena, na tena, paka moto ukanyamaza.

Hakuna mutu aliungua. Mais meza ilitoboka, na simu ya Mama Vagheni iliyeyuka upande moja.

Mama Vagheni anauzishaka viazi ya Musienene. Namba za bakiliya bake bote zilikuwa mule.

"Bénite! Nilikuletea simu, unanirudishia mandazi ya kuungua!" alisema, na machozi mu macho. "Ile kitu ni ya nani?"

Bénite aliinua kichwa. Kule ngambo ya barabara, Melchior alikuwa anasimama. Macho yao yalikutana. Melchior akageuka, akaenda.

Batu balianza kubeba simu zao, moja moja. Mangaribi meza ilibakia wazi.

"Mutoto wangu," shangazi Adèle alisema, "sikufukuze. Lakini kama haujue nini ilichoma vitu vya batu, nitashusha nyuzi zangu. Kesho kutwa tunakaa kwa chef d'avenue, mukubwa wa mutaa, akate hii maneno. Ukuye na jibu."

Ile meza njo ilikuwa kazi yake yote. Bénite hakulia. Alingojea muchanga upoe kabisa. Kesho yake alikota kile kitu na sepetu, akakitia mu boîte ya bati ya maziwa pamoja na muchanga, akakipeleka kwa Kasonia, fundi wa radio na batri.

Kasonia aliweka boîte inje, mbali na nyumba. Alivaa gant ku mikono, akafungua kitu na koleo.

"Hii haiko taa," alisema. "Ni sigara ya umeme."

"Sigara?"

"Ndiyo. Iko na batri, na maji yenye harufu. Mutu anavuta ule mvuke. Banasema haina mubaya juu haina majani ya tumbaku. Uongo. Ndani kuko nikotini, sawa mu sigara ingine, na inafunga mutu vilevile. Mais leo tuangalie batri. Unaona nini hapa?"

Bénite aliinama. Aliangalia muda murefu.

"Scotch nyeusi ya kugandisha, kipande chenye moto haukufikia. Mutu aliikata na meno."

"Aha! Macho iko! Kiwanda hakifungake batri na scotch. Mutu alifungua hii, akatosha batri yake, akatia ingine ya zamani. Ngozi ya batri ilipasuka, naye akafunika kidonda na scotch. Batri ya namna hii ikipata joto, inavimba, inawaka."

"Na mimi nilifanya nini mubaya?" Bénite aliuliza polepole.

"Unataka nikupake mafuta ao nikuambie kweli?"

"Kweli, fundi."

"Ulichaji kitu ambacho hukuona. Ulikiacha mu kitambaa, joto ikakosa njia ya kutoka. Ukakipatia chargeur yenye haikuwa yake. Mais kukata courant na kumwanga muchanga, pale ulifanya muzuri. Kama courant imekatwa, maji mingi nayo inapoza. Lakini kama mwenye kuuzisha njo aliibadilisha, kosa kubwa iko kwake. Alijua batri ilibadilishwa, akaiita mupya. Mwenye kuuzisha kitu ya hatari njo anapashwa kujibu."

Bénite alipitia kwa Melchior. Alimukuta anakaa peke mu kiwanja.

"Ulikuja kunitaja?" Melchior aliuliza, sauti chini. "Bakijua ku kanisa, korali imeisha kwangu."

"Sikuje kukutaja, yaya. Uliinunua wapi?"

"Beni. Kwa Josaphat. Iko na karton muzima."

"Muzima?"

"Muzima."

Bénite akasema: "Wewe ulitia yako mu koti, karibu na roho. Bale bengine banatia yao wapi? Mu mufuko ya suruali? Chini ya muto, fasi batoto banalala? Ukinyamaza juu unasikia haya, nani atabaambia?"

Melchior aliinua kiti yake, akaingia mu nyumba.

Kesho yake, kwa chef d'avenue Onésime, Bénite alieleza yote. Alitaja batri. Alitaja scotch. Alitaja kosa yake mwenyewe. Jina hakutaja.

"Na mwenye kitu?" chef aliuliza. "Ao ilitembea yenyewe?"

Batu balicheka. Kule nyuma, mutu alisimama.

"Ni yangu," Melchior alisema. "Ni sigara. Niliificha juu nilisikia haya, na haya yangu ilichoma simu ya mama."

Mama Vagheni alimuangalia toka kichwa paka miguu.

"Donc ile sauti nzuri ya kuimba, unaipikaka na moshi?" alisema. Na yeye mwenyewe akacheka wa kwanza.

Siku yenye kufuata, Melchior, Bénite na Kasonia balipanda gari ya Beni. Josaphat aliwapokea na kiburi.

"Kitu ukishaondoka nacho, ni chako."

"Hatukatae," Kasonia alijibu. "Mais tufungue ingine moja hapa mbele ya bakiliya bako."

Bénite alikuwa tayari amekamata moja. Aliifungua, akaigeuza ku mwangaza. "Scotch ileile," alisema. "Na meno yaleyale."

Bakiliya balisogea. Josaphat alitoka jasho. Alikubali alibadilisha batri yeye mwenyewe. Alitosha karton ku meza, akamupatia Kasonia aende kuharibu zile sigara muzuri, bila kuzitupa mu takataka. Alimutumia Mama Vagheni simu ingine. Na Josaphat akamuachia Melchior namba za batu benye alibauzishia, kusudi baitwe moja moja, baambiwe hatari.

Shangazi Adèle hakushusha nyuzi. Bénite alitia bati juu ya meza. Simu sasa zinalala mbali moja na ingine, kila moja na chargeur yake. Ndoo ya muchanga iko chini. Yeye hatoke ku meza kama kuko kitu ku courant. Simu yenye batri ya kuvimba anairudisha kwa mwenyewe: "Ende kwa fundi kwanza."

Kisha juma moja, Melchior alikuja. Korali ilimuruhusu aimbe, lakini anaimba mu safu ya nyuma, na anajikaza kuacha moshi. Toka mbali alikuwa ananyanyua simu yake juu ya kichwa.

"Bénite! Angalia! Haina nguo!"

Bénite aliipokea. Aligeuza mugongo yake, akapitisha kidole pole, kutafuta kama imevimba. Haikuvimba. Pale tu njo alitia uzi.