Kitambaa cha Chemchemi

Haya yalimkuta rafiki yangu Fearghas, huku kwetu Uskoti, majani ya msitu yalipogeuka dhahabu na manyunyu hayakatiki. Alikwenda na dada yake Mòrag kupiga picha mti wa chemchemi, ule ambao watu huufungia vitambaa vya wagonjwa wao ili wapone. Kimoja chekundu kilimkalia katikati ya picha. Akakifungua.

“Kirudishe, Fearghas. Hicho hakiguswi mpaka kioze chenyewe.”

“Mwenyewe kashapona zamani, dada.”

“Haya. Ukiugua usinitafute.”

Akakitia mfukoni, akaiacha kamera wazi nusu dakika, maana mwanga ulikuwa hafifu. Picha ya namna hiyo haishiki kinachopita, hushika kilichotulia tu. Matone yalikuwa yakidondoka ndo, ndo, ndo, kisha yote yakanyamaza kwa pamoja.

Picha ilipotokea, kitambaa kilikuwa kwenye tawi. Fearghas akapapasa mfukoni, kimo. Akautazama mti, tawi tupu.

Mòrag akaikuza picha. Kwenye fundo palikuwa na vidole vitano, vinaonekana wazi mpaka kucha, kama vya mtu aliyetulia tuli nusu dakika nzima.