Zulia la Ghorofa ya Arobaini na Mbili

Maiti ilikuwa juu ya paa la maegesho, na mtu alikuwa ameifunika kwa kitambaa chekundu cha mapambo.

Inspekta alikiona kitambaa kabla hajaiona maiti. Hasira zilimpanda hapo hapo.

"Nani amemfunika na hii takataka?"

"Mpambaji mkuu, afande," sajini alijibu. "Anasema wageni wanapita, wasije wakaona."

"Itoe. Leta shuka."

Juu yao lilisimama jengo refu kuliko yote mjini, ambalo watu walilibatiza Rula kwa jinsi lilivyonyooka. Picha yake iko kwenye kalenda, kwenye vikombe, hadi kwenye majalada ya madaftari ya shule. Mwaka huu mwenye jengo aliamua kuligeuza zawadi ya sikukuu ya mwisho wa mwaka. Ghorofa zote arobaini na mbili zilivishwa kitambaa cheupe na kuzungushiwa utepe mwekundu, na kileleni liliwekwa fundo la utepe lenye ukubwa wa nyumba nne. Taa zingewashwa saa kumi na mbili jioni, mbele ya wakubwa na kamera, na tangu asubuhi droni ilikuwa ikilipiga jengo picha.

Marehemu alikuwa fundi wa kamba, kijana wa miaka ishirini na sita aliyeitwa Mjusi kwa sababu alitambaa kwenye vioo bila wasiwasi. Saa mbili na robo asubuhi alikuwa akining'inia chini ya fundo lile, akiuvuta utepe ukae sawa. Alianguka bila kupiga hata ukelele.

"Alikuwa na kamba mbili," alisema mtaalamu wa uchunguzi, akiwa amechuchumaa. "Ya kazi na ya akiba. Zote zimekatika sehemu moja. Si kisu. Zimesagwa kwenye kitu chenye makali."

Kabla Inspekta hajauliza la pili, mwanamume mmoja mwenye mkanda wa kupandia kiunoni alimjia na kunyoosha mikono yote miwili.

"Nifunge, afande. Nimemuua mimi."

Huyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa kamba, na marehemu alikuwa mdogo wake, tumbo moja.

"Umemuuaje?"

"Nimemuua. Andika hivyo."

"Mligombana?"

"Hatujawahi kugombana."

"Basi niambie ulifanya nini."

Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni na hakuyafuta.

Simu ya Inspekta iliita. Alikuwa mkuu wa kituo.

"Nasikia mtu amekiri. Unangoja nini? Muweke ndani, funga jalada. Saa kumi na mbili watu wanawasha taa."

"Amekiri bila kueleza kitu, mkuu."

"Amekiri! Unataka akuimbie?"

Inspekta alikata simu, akapanda juu na mtaalamu.

Upepo wa paani ulikuwa mkali. Ukingo wa jengo ulifunikwa kwa bati nene, na juu ya bati hilo kililazwa kipande cha zulia la zamani, kimefungwa kwa kamba ya katani. Manyoya yake mekundu yalitazama juu. Vipande vya kamba za Mjusi, vya bluu, vilibaki vimefungwa kwenye nguzo ya chuma, ncha zake zimelala juu ya zulia.

Mtaalamu alilipiga picha zulia, akalinyanyua kwa koleo.

"Afande, njoo uone."

Chini ya zulia, kwenye makali ya bati, kulikuwa na nyuzi za bluu zilizonasa, nyingi. Manyoya yenyewe hayakuwa na hata alama ya msuguano.

"Yaani kamba zilisagwa na bati," alisema Inspekta polepole, "wakati zulia limekaa katikati yao?"

"Haiwezekani."

"Najua haiwezekani. Nani mwingine amepanda hapa tangu asubuhi?"

"Kaka mtu. Alipanda baada ya tukio. Sajini anasema alilitazama zulia, akakaa chini na kushika kichwa."

Inspekta alishuka kwa lifti kurudi kwa kaka mtu, aliyekuwa ameketi ndani ya gari la polisi.

"Uliona nini kwenye zulia?"

Yule bwana aliinamisha kichwa. "Manyoya yalikuwa juu."

"Halafu?"

"Sisi tunalaza manyoya chini, mgongo juu. Kamba ikisugua manyoya yanapata joto, yanayeyuka, yanaing'ata. Hilo ndilo somo la siku ya kwanza. Mdogo wangu nilimfundisha mimi." Alijipiga paja. "Asubuhi nimekagua kamba kumi na mbili. Zake nimezikagua lakini zulia silikumbuki. Nalitafuta kichwani silioni. Nimepita manyoya yakiwa juu na sikuona, afande. Miaka kumi na tisa ya kazi! Kwetu aliyekagua ndiye anayebeba lawama."

"Lile zulia rangi ya mgongo wake ni ipi?"

"Kahawia."

Inspekta alimgeukia sajini. "Mpiga picha wa droni yuko wapi?"

Picha zilipatikana ndani ya dakika kumi. Ya saa moja na dakika arobaini ilionyesha kilele cheupe na doa dogo la kahawia ukingoni. Ya saa mbili na dakika tano ilionyesha kilele hicho hicho, safi kabisa. Mlango wa paani hufunguliwa kwa kadi, na mlinzi alitoa kumbukumbu za mashine. Kadi ya mpambaji mkuu ilikuwa imefungua saa mbili kasoro dakika mbili, na tena saa mbili na dakika ishirini.

Walimkuta chumba cha mikutano, amevaa koti jeupe, anaongea na simu kuhusu viti vya wageni. Inspekta aliichukua ile simu mkononi mwake na kuizima.

"Leo umepanda paani?"

"Mimi? Naogopa kupanda juu, dada."

"Mimi si dada yako. Umepanda?"

"Hapana."

Inspekta alitupa mezani kipande kingine cha zulia, alichokitoa kwenye gari la mafundi. "Hiki ndicho kinalinda kamba. Kilaze hapo mezani, kama kinavyolazwa."

Mpambaji alitabasamu. Alikigeuza, akakilaza manyoya juu na kukilainisha kwa kiganja, kama mtu anayemtengenezea mgeni sebule.

"Nimewaambia mafundi watano wafanye hivyo hivyo," alisema Inspekta. "Wote wamelaza manyoya chini."

Aliweka picha mbili kando ya zulia, na karatasi ya kumbukumbu za mlango juu yake. Tabasamu lilififia.

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwa nini ulilitoa?"

Mpambaji alikisukuma kando kile kipande cha zulia.

"Lilikuwa linaonekana kwenye picha," alisema hatimaye. "Mwenye jengo alinipigia. Akaniuliza, hilo dekio linafanya nini kwenye zawadi yangu? Nilidhani zingekuwa dakika tano tu. Nikajua ana kamba mbili, moja ikisuguliwa ya pili itamshika. Kisha simu ikaita tena, nikashuka kupokea..."

"Ungemwambia kwanza apande juu."

"Angebisha. Mafundi hawa wabishi sana, na muda ulikuwa umekwisha!"

"Ulipoona ameanguka?"

"Nikalirudisha. Niliogopa."

"Na uliposikia kaka yake amekiri?"

"Alikiri mwenyewe. Sikumlazimisha."

Inspekta alipiga meza kwa kiganja mpaka picha zikaruka. Kwa miaka yote ya kazi alikuwa hajawahi kumpiga mtuhumiwa, na siku hiyo alilazimika kufumbata mikono nyuma ya mgongo.

"Ungemwacha mtu azike mdogo wake akidhani ndiye aliyemuua. Kwa sababu ya doa kwenye picha! Sajini, mtie pingu. Kuua bila kukusudia na kuvuruga ushahidi. Mwenye jengo naye aitwe atoe maelezo."

Mkuu wa kituo alipopiga, alijibiwa kwa kifupi.

"Rula ni eneo la tukio, mkuu. Hakuna taa. Kama unazitaka, njoo uziwashe mwenyewe nikiwa nakuangalia."

Kaka mtu alikuwa bado garini. Inspekta aliketi kando yake, akampa ile picha ya saa moja na dakika arobaini. Aliishika karibu na macho kwa muda mrefu.

"Kahawia," alinong'ona. "Mgongo juu."

"Mdogo wako alililaza sawasawa. Na wewe ulikagua sawasawa. Lilitolewa baadaye."

Bwana yule alitikisa kichwa, kisha kitu kilimjia usoni, kibaya kuliko machozi.

"Nilishampigia mama. Nimemwambia ni mimi."

Inspekta alimpa simu yake. Ilipokelewa mara moja.

"Mama, ni mimi mwanao. Sikiliza, mama. Nilikosea. Si mimi niliyemuua. Polisi wameona, si mimi."

Upande wa pili mama alipaza sauti, na hata Inspekta aliisikia.

"Kumbe yuko hai?"

Kaka mtu alifumba macho.

"Hapana, mama," alisema.