Nilizima Maonyo ya Ukutani

"Owen, umeua sauti ya mume wangu."

Mama Clare aliyasema hayo mbele ya kwaya nzima, kanisani kwetu Donholm. Kompyuta ilikuwa imezimika mikononi mwa Owen, ikakataa kuwaka tena...

Nami, niliyeujua ukweli, nikatazama viatu vyangu.

Wapendwa, nihukumuni mkishamaliza kusoma.

Mimi ni Apondi, mwanafunzi wa chuo kikuu. Kompyuta ile, iliyotumia mfumo wa Linux, niliitunza mimi. Ndani yake mlikuwa na rekodi pekee ya marehemu Sylvance, mume wa Mama Clare, akiimba. Ilikuwa ichezwe siku hiyo, kwenye ibada ya kumbukumbu yake.

Awali nilikuwa nimeweka kernel mpya, yaani kiini cha mfumo, na kujisifu kwa kila mtu. Jumapili iliyofuata tukaiwasha ikiwa imeunganishwa na projekta. Maonyo yakajaa ukutani, mstari juu ya mstari. Mama mmoja akaanza kuyakemea yashindwe. Vijana wa nyuma wakaniuliza kama shetani naye anatumia Linux.

Owen, mwenzangu wa mitambo, alininong'oneza: "Apo, soma hizo warning kwanza. Zinataja disk."

Nikamwambia ni kelele tu za kernel mpya. Nilipobaki peke yangu, sikusoma hata mstari mmoja. Niliongeza neno moja kwenye mipangilio ya kuwasha, la kuyaficha maonyo. Ukuta ukawa safi.

Nikapongezwa!

Kumbe kernel haikuharibu chochote. Diski, inayohifadhi kila kitu, ilikuwa inakufa, na kernel ndiyo iliyokuwa ikitupigia kelele.

Siku ile ya ibada, Owen hakujitetea. Alitoa flash mfukoni.

"Nilikopi Jumapili ile ya maonyo, Mama Clare. Sauti iko."

Akaichomeka kwenye spika, Sylvance akaimba. Mama Clare akalia huku akicheka. Ningeweza kunyamaza... lakini nikamsikia mzee wa kanisa akimwambia Owen, kwa upole, asiguse mashine tena.

Nikasimama. "Si Owen. Mashine ilituonya, mimi nikayaficha maonyo."

Mama Clare akanigeukia.

"Na ukaniacha nimtukane mtoto wa wenyewe?"



Nje, nilimuuliza Owen kama alikuwa anajua.

"Kitambo. Niliona ile setting."

"Mbona hukusema?"

"Sauti ningeweza kukopi, Apo. Hiyo ingine ilikuwa yako kusema."

Siku hizi mitambo ni ya Owen. Mimi nakunja nyaya.

Ndugu msomaji, aibu ya kuonywa mbele za watu hupita. Lisome onyo lako kabla ya kulizima.