Mikono Mingi, Jina Moja

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ilimkaa Mama Pindo kooni kama mwiba wa samaki.

Uvumi ulianzia kwa muuza vitambaa, ukaingia katika chumba chake cha cherehani bila kupiga hodi. Watu walisema binti yake, karani wa hospitali ya macho, amechezea foleni ya upasuaji. Mtoto wa seremala kashushwa chini. Mjukuu wa mteja mkubwa wa Mama Pindo kapandishwa juu. Mtoto wa seremala alingoja. Jicho halikungoja.

Mke wa seremala alikuja kuchukua sare ya mtoto. Aliwekewa kiti, hakukaa.

"Shona tu, Mama Pindo," alisema. "Pengine na jicho la mwanangu utalishona."

Mama Pindo aliikunja sare, akamkabidhi.

Jioni binti yake alirudi mapema kuliko kawaida. Alikuwa bado mlangoni, viatu miguuni.

"Mwanangu, niambie kweli. Ni wewe?"

"Hata wewe, mama?"

"Mimi nauliza tu."

"Wakubwa nao wameuliza tu. Wamenisimamisha kazi." Akapita, akaingia chumbani.

Kesho yake alikuja mteja mwingine kujaribu gauni. Wote walimwita dada wa kompyuta. Hospitali ilikuwa imemwita achunguze foleni ile. Mama Pindo alipiga magoti kumpimia urefu, pini mdomoni, lakini hakuweza kunyamaza.

"Dada, kwani kompyuta haimjui aliyebadilisha?"

"Kila badiliko lina kumbukumbu yake, mama. Inaandika nini kimebadilishwa, lini, na nani. Nimeifungua. Penye 'nani' pameandikwa 'Mfumo'."

"Mfumo ni mtoto wa nani huyo?"

Dada alicheka, kisha akaacha. "Ndilo tatizo lenyewe. Makarani wanaingia kwenye programu kila mtu kwa jina lake. Lakini taarifa zote zinakaa kwenye kanzidata, yaani ghala. Programu ikifika ghalani inapiga hodi kwa jina lake yenyewe. Ni kama mtaa mzima kumtuma mtu mmoja dukani. Mwenye duka anamjua aliyekuja. Aliyemtuma hamjui."

Mama Pindo alilipindua pindo la gauni. Kwa ndani palikuwa na mshono mdogo wa uzi mwekundu.

"Unaona? Hapa tunashona watu kadhaa, na kila fundi ana rangi yake. Nguo ikirudi imefumuka, sigombani na mtu. Napindua pindo. Hospitali kubwa vile, hamna hata uzi?"

"Walioitengeneza programu waliona jina la programu linatosha."

"Basi uweke uzi leo, mwanangu asafishike!"

Dada alitazama sakafu. "Nitauweka, mama. Ila hautaonyesha fundi wa nguo iliyoshonwa jana. Ya siku ile yamepotea. Siwezi kusema ni yeye. Siwezi kusema si yeye."

Mama Pindo alitema pini kiganjani, moja moja.

Kazi ilifanyika. Siku hizi karani akigusa foleni, programu inalibeba jina lake mpaka ndani ya ghala, na ghala linaliandika penye badiliko. Jina linatoka pale alipoingia kwenye programu, hachagui mwenyewe. Akimaliza, programu inalitua jina hilo kwanza, ili kazi ya anayefuata isiandikwe kwa jina la aliyetangulia. Kazi isiyo na jina inakataliwa.

Haukupita muda mrefu, foleni ikavurugika tena. Wakapindua pindo. Karani mmoja alikuwa amebonyeza kimakosa jina lililo chini ya jina la mgonjwa aliyemkusudia. Aliitwa, akaonyeshwa, akasahihisha asubuhi hiyohiyo. Mgonjwa hakupitwa na zamu yake. Hakusimamishwa mtu, na mama wa mtu hakusengenywa.

Ndipo hospitali ikatuma neno kwa binti wa Mama Pindo: arudi kazini, hatia haikuthibitika.

"Haikuthibitika," binti alisema. "Hawakusema sikufanya. Nikae dirishani pale, mke wa seremala anitazame?"

"Sasa utafanya nini, mwanangu?"

"Nipe kiti. Na uzi. Rangi isiyo ya mtu."

Alichagua rangi ya chungwa, ile inayoonekana kwenye kila kitambaa. Wanashona chumba kimoja sasa. Lile swali la mlangoni limekaa katikati yao, kama mteja asiyeaga.

Ewe mwenye ofisi, na wewe mzazi mwenzangu, zingatieni haya:

Usikubali programu iandike jina moja kwa kazi ya watu wote.

Usimwazime mtu neno lako la siri, hata awe shoga yako wa kufa na kuzikana.

Usiinuke kwenye kompyuta ukaacha jina lako wazi.

Usiache jina la anayetoka limvae anayeingia.

Usimpe mtu ruhusa ya kufuta kumbukumbu, hata akiwa mkubwa.

Usingoje jicho la mtoto lizimike ndipo uulize nani.

Na swali la mtaani usimpokee nalo mwanao mlangoni, kabla hajavua viatu.