Taa Iliyofifia Adhuhuri

Mama Martine ndiye aliyenisimulia habari hii, tukiwa kwenye foleni ya maji hapa mtaani Panda, mwaka ule king'ora cha kiwanda kilipoacha kulia na wanaume wakawa wanakaa mlangoni wakiitazama mikono yao. Ndoo zilikuwa nyingi, maji machache, basi akanieleza yote.

Binti yake Daniella alikuwa na miaka kumi na miwili na alisoma zamu ya mchana. Asubuhi alifagia, akamwogesha mdogo wake Ricky, kisha adhuhuri akapika bukari, ule ugali wetu wa mahindi, ili baba ale naye akimbilie darasani. Mama alikuwa keshaondoka kwenda soko la Kikula kuuza samaki wakavu.

Baba yake, Lambert, alikuwa karani kiwandani mpaka mishahara ilipokatika. Sasa aliandika kwenye kompyuta ya dispensari ya masista habari za wagonjwa wa kifua kikuu: nani amemeza dawa, nani ameiacha. Nyumba yao ilipakana na dispensari, na masista waliwaruhusu kuvuta waya mmoja kutoka huko.

"Huu waya ni wa taa tu," Lambert aliwaonya wote. "Muntu asichomeke réchaud humu. Umesikia, Daniella?"

"Nimesikia, papa."

Alisikia, lakini mbabula, lile jiko letu la makaa, ilichelewa kushika moto, na mwalimu aliwarudisha nyumbani wachelewaji. Siku moja Daniella akalitoa réchaud, lile jiko la umeme, chini ya kitanda, akalichomeka. Bukari ikaiva upesi. Kesho yake akafanya tena. Makaa aliyoachiwa na mama aliyaficha kwenye gunia kuukuu nyuma ya choo.

Kila Ijumaa adhuhuri, wagonjwa wakishaondoka, Lambert alinakili maandishi yote kwenye disketi, ili mashine ikifa, habari za wagonjwa zisife nayo. Ndipo balaa ilipoanza. Nakala ikifika katikati, mashine ilijizima, pu! Kisha ikajiwasha yenyewe kama mtu aliyeshtuka usingizini, na nakala imeharibika.

Lambert aliifungua, akapangusa vumbi. Ikajizima. Akabadilisha disketi. Ikajizima. Usingizi ukamkimbia, usiku alijigeuzageuza kitandani mpaka jogoo wakawika.

Jioni moja alisema mbele ya sahani yake, "Asubuhi nimejaribu kunakili, imekubali. Adhuhuri inakataa. Na adhuhuri taa ya mezani kwangu inakuwa nyekundu kama jicho la mulevi. Umeme unaenda wapi?"

Daniella akalikumbuka jiko. Kila alipochomeka jiko, taa ya nyumbani nayo iligeuka nyekundu.

"Masera Hélène anasema nini?" mama aliuliza. Huyo ndiye sista aliyesimamia dispensari.

"Anasema mimi ndiye ninayeiharibu. Ijumaa hii ikiwa bado, mashine inapelekwa Lubumbashi, na minye ninarudi kukaa mlangoni."

Daniella akainuka kuondoa sahani. Aliwaza: nitapika kwa makaa tu, mashine itapona, na hakuna atakayejua.

Ijumaa alipika kwa mbabula. Moshi ulimtoa machozi. Alipokwenda kumwita baba kula, aliikuta nakala imefika mwisho, wala mashine haikujizima.

"Imepona!" Lambert alisema.

Lakini Masera Hélène, aliyesimama kando yake, alikunja uso. "Imeponaje, Lambert?"

"Sijui, ma sœur."

"Basi haijapona. Mgonjwa wetu akiacha kukohoa wiki moja, tunamwambia ametibiwa? Wiki ijayo itajizima tena. Siwezi kuweka habari za wagonjwa ndani ya kitu nisichokijua. Kesho inaondoka."

Lambert aliinamisha kichwa, akaanza kuchomoa nyaya moja moja. Daniella aliitazama mikono ile. Akatoka mbio, akarudi amelikumbatia jiko.

"Papa, njo hii inazima mashine," alisema akilia. "Minye nilikuwa ninapikia na hii. Nilidanganya."

Lambert akarudishia nyaya. "Kalichomeke nyumbani. Kama unavyofanya siku zote."

Akalichomeka. Taa ya mezani ikawa nyekundu, lakini mashine ilibaki hai. Lambert akaanza kunakili. Mashine ikahitaji nguvu zaidi, umeme haukutosha kwa mashine na jiko, na pu! Ikajizima. Jiko likachomolewa, akanakili upya. Nakala ikafika mwisho.

"Sasa tunajua," Masera Hélène alisema. "Mashine inabaki, na weye unabaki nayo. Ila ule waya, Lambert, unakatwa leo."

Ukakatwa. Daniella alifika shuleni amechelewa, mwalimu akamrudisha. Jioni nyumba ilikuwa giza tupu. Mama Martine alirudi kutoka Kikula, akaambiwa yote, akaonyeshwa gunia la makaa.

"Gunia zima! Na minye ninazunguka Kikula kutafuta makaa!" alisema. Kisha akamvuta binti yake karibu. "Mwanangu, wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Ulipoacha jiko kimyakimya, uliacha kosa, lakini ugonjwa ulibaki umefichwa, na baba yako ndiye aliyekuwa akifa nao. Ukikosea, sema mapema."

"Na kesho uniamshe mapema," Lambert alisema gizani. "Mbabula nitawasha minye. Weye usichelewe tena."

Walikula bukari baridi kwa kupapasa. Ricky alisinzia tonge likiwa mkononi. Mama akalala, amechoka. Daniella alibaki macho, akilitazama giza pale taa ilipokuwa. Kisha akamsikia baba yake akikoroma, kwa mara ya kwanza tangu mashine ianze kujizima. Ndipo naye akalala.