Gemu ya Hina

Siku Mwanabaraka alipoingia kwa mara ya kwanza katika steshenari ya mtaa wa Dunda, msimu wa maombi ya mikopo ya chuo ulikuwa umepamba moto. Vijana waliomaliza kidato cha sita walijazana mpaka barazani, kila mmoja na bahasha yake, kila mmoja akiapa kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Feni ilizunguka bila kumpepea mtu. Nyuma ya kaunta, Hamidu alikuwa akitoa kopi kwa mkono mmoja na kubonyeza kibodi kwa mwingine, na kila alipopata nafasi kati ya mteja na mteja alifungua kitu kwenye kompyuta ambacho hakikuhusiana kabisa na mikopo.

Mwanabaraka hakufuata mkopo, alitaka kadi za biashara. Alivaa baibui jeusi lenye ukingo wa rangi ya zambarau, ushungi wa rangi hiyohiyo umebanwa vizuri chini ya kidevu, na ncha za vidole vyake zilikuwa na ule wekundu wa hina usiotoka hata kwa sabuni. Akapata upenyo pembeni ya kaunta, mahali ambapo wateja hawakutakiwa kusimama, akaona kioo cha kompyuta. Kijitu chenye kanzu na kofia kilikuwa kikitembea. Kilifika ukutani, kikaendelea kutembea palepale.

"Huyo mbona anasukuma ukuta?" akauliza.

Hamidu akashtuka. "Sijamtengenezea mlango."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Maskini! Mwaka mzima anatembea? Si ungempa hata kiti akapumzika?"

"Kiti nacho bado."

Mwanabaraka alicheka mpaka wale vijana wa mikopo wakageuka. Hamidu naye akacheka, ingawa aliyekuwa akichekwa ni yeye, na akatoa kopi kumi za cheti cha mtu aliyetaka moja.

Jioni hiyo akapiga simu. Namba alikuwa nayo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye kadi: Mwanabaraka, mpambaji wa maharusi, hina na piko.

"Kadi zimeharibika?" Mwanabaraka akauliza.

"Hapana. Nilitaka kujua lile ua la pembeni lielekee kulia au kushoto."

"Si nilikwambia kushoto?"

"Ee, kweli. Basi kushoto."

Hamidu alikuwa ameishiwa visingizio.

"Hamidu."

"Naam."

"Yule mtu wako umempa mlango?"

"Bado."

"Basi ukimpa, nipigie."

Hamidu alimtengenezea mlango kabla ya kula, akapiga tena.

Tuseme ukweli, Hamidu hakuwahi kusomea kutengeneza gemu. Alijifunza mtandaoni, kwa bando la kuungaunga, akiwasikiliza walimu wa nchi za mbali wanaoongea haraka kama wanaokimbia mvua. Gemu ya yule mwenye kanzu ilikuwa ya nne. Ya kwanza ilikuwa gemu ya bodaboda, iliyokwenda mbele vizuri sana ila haikujua kukata kona. Ya pili ya penalti: mpira ukipigwa, ulipaa juu na haukurudi tena duniani. Ya tatu ilikuwa shamba la mahindi la Miono, kwa wajomba zake, ambako mahindi yaliota yakazidi kuota mpaka yakafunika nyumba, kwa kuwa Hamidu alikuwa hajajua namna ya kuyavuna. Kila moja ilimfundisha jambo. Ya bodaboda ilimfundisha kukifanya kitu kiende, ya penalti ikamfundisha kukivuta kitu chini, ya shamba ikamfundisha kuhifadhi alichokifanya jana. Na kila moja aliiacha palepale ilipoanza kuwa ngumu, maana hapo ndipo nyingine tamu zaidi ilipomjia kichwani.

"Zote ni shule," alimwambia Mwanabaraka, walipokuwa wameshazoeana kiasi cha kuitana majina ya utani.

"Shule gani hii, mhandisi wangu? Unahama darasa kila ukisikia kuna mtihani."

"Wewe hujawahi kuacha kitu katikati?"

"Mimi? Nimwache bibi harusi na mkono mmoja umepambwa, mwingine mtupu, nimwambie nitarudi mwakani? Si watanipiga kwa mchi wa kinu!"

Gemu ya tano ilizaliwa siku hiyo. Mchezaji anapewa mkono mtupu wa bibi harusi na koni ya kuchorea hina, na anatakiwa kufuatisha maua kabla hina haijakauka. Mwanabaraka alichora maua kwenye karatasi, Hamidu akayaskani moja moja. Wakati mwingine Mwanabaraka aliyaleta mwenyewe na kukaa kwenye kiti cha wateja wa picha za pasipoti, akila visheti na kumsahihisha.

"Hapa umenyoosha mno, habibi. Hina haipigwi rula."

"Kompyuta inapenda rula."

"Basi bibi harusi akaolewe na kompyuta."

Walipendana, na hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote wa mtaa ule. Kilichobaki ni mmoja kulisema kwa wenyewe, na huyo mmoja, kwa taratibu za kwao, alipaswa kuwa Hamidu.

Bi Kibibi, mama mkubwa aliyemlea Mwanabaraka, hakuwa mtu wa kungojangoja. Kulikuwa na mwanamume wa Msata, Ridhiwani, muuzaji wa spea za pikipiki, ambaye watu wake walishaanza kuuliza habari za binti. "Kama kuna mwingine," Bi Kibibi alisema, "aje kwa mlango wa mbele. Nimechoka kusikia kicheko chako kwenye simu za watu nisiowajua."

Mwanabaraka alimfikishia Hamidu maneno hayo, na ya Ridhiwani pia hakumficha.

"Nipe muda kidogo tu, kipenzi," Hamidu akasema. "Nimalize jambo moja."

Jambo lenyewe lilikuwa gemu. Alishapanga moyoni kwamba ataimaliza, ataiweka mbele ya Mwanabaraka kama zawadi, ndipo amtume mshenga. Alitaka, kwa mara moja katika maisha yake, aende kwa watu akiwa mtu aliyemaliza kitu. Ilikuwa nia njema kabisa, ila hakumwambia mhusika.

Alhamisi akapiga simu. "Jumapili alasiri una nafasi? Nina kitu muhimu nataka ukione. Njoo mgahawani, kule mji mkongwe, peke yako, na usimwambie mtu."

"Kitu gani?"

"Utakiona."

Sasa, msichana aliyekwisha kumwambia mwanamume kwamba kuna mposaji mwingine, akiambiwa hivyo, ataelewa nini?

Jumapili Mwanabaraka alivaa gauni la kijani la sikukuu, mtandio wa hariri, viatu vya kisigino alivyoazima. Alijifukiza udi. Mikononi alijipamba mwenyewe maua meusi ya piko, kazi ngumu hasa kwa mkono wa kulia, na tangu aanze biashara hakuwahi kujipamba. Alipoingia kwenye ule mgahawa wa mji mkongwe, mhudumu alimfutia kiti mara mbili.

Hamidu alikuwa na fulana ya kila siku. Mezani palikuwa na juisi mbili za ukwaju na kompyuta mpakato iliyokwisha kufunguliwa.

"Umependeza," akasema, na alimaanisha. Kisha akaisogeza kompyuta. "Haya, cheza."

Mwanabaraka alimtazama. Akaweka sawa mtandio, akaukunja mkono mmoja juu ya mwingine, akangoja. Hamidu alikuwa amekwisha kurudi nyuma kwenye kiti chake, ameinua simu, anamrekodi.

Hapa lazima ielezwe desturi moja ya watengeneza gemu. Walimu wake wa mtandaoni walikuwa wakimkazia sana: ukimpa mtu gemu yako aijaribu, funga mdomo. Usimwelekeze, usimsaidie, usimwambie bonyeza hapa. Mtazame tu anavyokwama, mrekodi, ukarekebishe baadaye. Ukisema neno umeharibu jaribio. Hamidu, mwanafunzi mtiifu katika jambo hili moja, alifunga mdomo.

Mwanabaraka, kwa kutojua la kufanya, akaanza kucheza. Koni ikagoma kutoa hina.

"Inaanzaje?"

Kimya.

"Hamidu, nabonyeza wapi?"

Hamidu akatikisa kichwa, akasogeza simu ipate vidole vyake vizuri.

"Nasema na wewe."

Kimya. Meza ya jirani wakaanza kutazama. Mwanabaraka alibonyeza tena, mkono wa kwenye kioo ukachafuka wote, na maneno mekundu yakatokea: UMEHARIBU. Yeye, ambaye tangu aanze kazi hajawahi kuharibu mkono wa mtu!

Aliinuka taratibu. "Kwa hiyo umeniita hapa unichukue video nikiwa mjinga?"

"Hapana! Ni jaribio. Sikutakiwa kuongea, ndivyo inavyofanywa..."

"Jaribio." Alitazama mikono yake iliyopambwa, akaificha ndani ya mtandio. "Nimevaa hivi kwa ajili ya jaribio."

Aliondoka na vile viatu vya kuazima, akijitahidi asijikwae mbele ya watu. Aliumia sana, na aliona haya kuliko alivyoumia. Hamidu alibaki na juisi mbili, na mpaka hapo bado hakuelewa kosa lake lilikuwa lipi hasa.

Akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena kesho yake na keshokutwa. Akaandika ujumbe mrefu wa kueleza desturi ya majaribio, akajibiwa, "Nina bibi harusi wa kupamba." Baada ya hapo hata hilo hakuandikiwa.

Aliyemletea habari ni Cosmas, rafiki yake, fundi wa injini za boti huko Mbegani, ambaye mkewe alikuwa jirani wa Bi Kibibi kabla ya kuolewa.

"Watu wa Msata wamepeleka posa," Cosmas akasema, akiegemea kaunta. "Wanakuja kuchukua jibu Ijumaa baada ya swala."

"Yeye amesemaje?"

"Hajasema kitu. Wewe je, umefanya nini?"

"Namalizia gemu. Imebaki sehemu ya koni tu na muziki. Nikiimaliza nampelekea, ataelewa."

Cosmas akaacha kuegemea kaunta. "Hebu nieleweshe, bwana. Unataka kumwoa au unataka anunue gemu yako?"

Hamidu alikasirika, akamwambia ana kazi. Cosmas akaenda zake. Steshenari ilikuwa tupu, jua la alasiri limejaa barazani. Hamidu akafungua ile video ya mgahawani ili aone koni iligoma wapi.

Aliiangalia mara ya kwanza akitazama vidole. Akaona kosa: mchezaji hakuambiwa ashikilie kitufe, aliambiwa abonyeze tu. Kosa dogo, la kurekebishwa kabla ya Magharibi. Akarudisha nyuma aanze mwanzo, na safari hii, kwa kuwa kosa la vidole alishalijua, macho yake yakaenda usoni.

Video ilianza kabla Mwanabaraka hajagusa kompyuta. Alikuwa akimtazama mwenye simu. Alirekebisha mtandio ambao haukuwa na kasoro. Aliiweka mikono juu ya meza, ile piko ikaonekana yote, akangoja. Mdomo wake ulikuwa tayari kutabasamu. Halafu macho yakashuka kwenye kioo cha kompyuta, na lile tabasamu likarudi lilikotoka.

Hamidu alirudisha kipande hicho tena na tena. Miaka yote alifundishwa kwamba mtazame mchezaji, naye ataonyesha bila kusema mahali ulipokosea. Sasa alionyeshwa. Alihisi joto la aibu likimpanda mpaka masikioni, na nyuma ya aibu hiyo hofu, kwa sababu ilikuwa Jumatano.

Akafunga steshenari mapema, jambo ambalo bosi wake angelizungumzia mwezi mzima, akapanda bodaboda mpaka kwa ami yake, Mzee Bwanausi.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Kuna usalama? Mbona unahema?"

"Usalama, ami. Nataka uniendee mahali kesho. Nataka kuoa."

Mzee Bwanausi akashusha miwani. "Kesho? Mambo haya yana utaratibu wake. Umejiandaa?"

Hamidu alifikiria ile koni, na muziki, na maua arobaini yaliyokuwa yamebaki kupakwa rangi. Alijijua vizuri. Akiiacha gemu sasa, kwa jambo kubwa kama hili, hatairudia. Itakwenda kukaa na bodaboda yake na mahindi yake. Ilimuuma, kwa sababu ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote.

"Hapana, ami," akasema. "Lakini nenda."

Desturi haimruhusu mposaji kuandamana na wazee wake. Alhamisi Hamidu alikuwa nyuma ya kaunta, akitoa kopi za watu kichwa chini miguu juu. Mzee Bwanausi alikwishapita na kanzu yake ya Ijumaa, ameongozana na mzee mwenzake, wakashika njia ya kwa Bi Kibibi. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikakaribia. Simu ikaita.

"Haloo," akasema Mwanabaraka.

"Haloo." Hamidu akaipa mashine ya kopi kisogo. "Nisamehe kwanza. Nilikaa kimya wakati ulikuwa unaningoja niseme. Nimeona kwenye video."

"Umeona leo?"

"Jana."

"Mh. Na gemu imekwisha?"

"Haijaisha. Sidhani kama itaisha."

"Na maua yangu yote yale!"

"Yapo. Nimeyahifadhi." Mteja alimnyooshea cheti, Hamidu akampungia mkono angoje. "Mwanabaraka, wazee wameondoka?"

"Bado wanakunywa chai. Baba mdogo ameitwa, na mama mkubwa amenitoa chumbani, nikaulizwa mbele yao wote. Si unajua mwali akiulizwa?"

Hamidu alijua. Mwali huinamisha kichwa na kunyamaza, na wazee huhesabu kimya hicho kuwa ameridhia. Akiwa hataki, hapo ndipo husema. Aliishika kaunta.

"Ukanyamaza?" akauliza.

"Sikunyamaza."

Yule mteja alisema kitu ambacho Hamidu hakukisikia.

"Nimechoka na kimya, Hamidu," Mwanabaraka akasema. "Nimesema namtaka. Tena nimesema mara mbili, maana ami yako hasikii vizuri."