Chiriku wa Manjano Mwezi wa Januari

Jamani, nisikilizeni, na mniache nimalize kabla hamjaniambia kwamba mambo ya nyumba ya watu hayanihusu. Yananihusu. Mimi ndiye niliyemfundisha Delmar ule ujanja.

Mnaikumbuka nyumba ya Bi Hedwig pale ukingoni mwa kinamasi. Ungepita Ijumaa jioni wakati wa vuli, ungewakuta wote jikoni: samaki wa kukaanga mezani, Bi Hedwig, mwenye miaka themanini na miwili, amekaa dirishani na daftari lake la ndege, binti yake Arlys anakata mkate, na mkwewe Delmar anaingia kutoka nje alikokuwa akiwamwagia ndege mbegu za alizeti. Simu ya Delmar ilikuwa kando ya kikopo cha chumvi. Hilo lilikuwa sharti la Arlys tangu alipogundua uhusiano wa mumewe na mwanamke wa mji wa Eau Claire: simu ikae mezani, wazi, isomwe wakati wowote. Delmar alikubali, nasi sote tukasema ndoa imepona.

Mwaka huo nilikuwa nafundisha kompyuta maktabani kila Jumamosi. Siku moja, kwa kuwachangamsha tu wanafunzi wangu, wengi wao wastaafu na Delmar miongoni mwao, nikawaonyesha jinsi ya kuficha maneno ndani ya picha. Machoni picha inabaki ile ile. Mwenye programu na neno la siri ndiye anayeifungua na kusoma barua nzima iliyolala ndani. Neno la siri nililowapa wote lilikuwa Biskuti, jina la paka wa maktaba. Wenzake walicheka, Delmar aliandika. Nami nikajisifu moyoni kwamba nimepata mwanafunzi makini. Mjinga mimi.

Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, Corinne, mdogo wake Arlys, akaja kutoka mji wa Milwaukee kula bata mzinga. Alipoondoka tu, vitu vya Bi Hedwig vikaanza kupotea.

"Mama, miwani imefikaje kwenye kopo la unga?" Arlys aliuliza.

"Sikuiweka mimi."

"Basi kaiweka kindi," Delmar akadakia, na wote wakacheka, Bi Hedwig pia.

Wiki iliyofuata ufunguo wa gari ulionekana kwenye friza, chini ya njegere. Halafu dawa zikahama kabati. Mara ya tano Bi Hedwig hakucheka. Alianza kuandika kila alichokishika na mahali alipokiweka, na karatasi zenyewe zikapotea.

Corinne alikuwa akipiga simu kwa dada yake karibu kila jioni. "Dada, mimi niko mbali, lakini hata kwa sauti nasikia. Mama anatuponyoka. Unangoja mpaka achome nyumba mlale humo humo?"

"Ni mama yangu, Corinne. Amezaliwa kwenye nyumba hii."

"Na ni mama yangu pia. Usinifanye mimi mbaya."

Wakati huo wote, kila wiki, Arlys aliweka picha ya ndege kwenye ukurasa wa chama chetu cha watazama ndege, ninaoutunza mimi. Delmar ndiye aliyezipiga na kuzitayarisha. "Weka wewe, mke wangu," alikuwa akimwambia, "wewe ndiye wanayempenda." Naye aliweka, kwa furaha, akiamini kwamba hatimaye wamepata jambo la kufanya pamoja.

Katikati ya Januari, kinamasi kimeganda, akaweka picha ya chiriku wa manjano. Bi Hedwig aliitazama kwenye kompyuta, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Huyu si wa sasa," alisema. "Mwezi huu chiriku ni kahawia, kama jani kavu. Huyu amevaa nguo za Julai."

"Mama, nimempiga leo asubuhi, hapo hapo dirishani kwako," Delmar alijibu kwa upole. Kisha akamgeukia mkewe. "Umesikia? Sasa hata majira yanamchanganya."

Arlys alikuwa akihesabu ndege na mama yake tangu akiwa na miaka minne. Macho yake yalimwambia mama yuko sahihi. Lakini alikuwa amechoka, amelia miezi miwili, na mume aliyeacha simu mezani ndiye aliyeonekana mkweli. Hata hilo la chiriku akalitaja kwa daktari aliyekuwa akimpima mama yake kumbukumbu.

Na mimi je? Niliiona picha ile siku ile ile. Nilijua ni ya kiangazi. Lakini huku kwetu mtu haumbuliwi hadharani. Unasema neno tamu na kurudi kwenye kahawa yako. Nikaandika chini yake: Picha nzuri.

Februari mahakama ikawapa mabinti mamlaka juu ya mali ya mama yao. Nyumba ikauzwa kwa wajenzi wa vibanda vya wageni, na Bi Hedwig akapelekwa makao ya wazee kando ya barabara kuu. Mlangoni alimshika Arlys mkono.

"Mwanangu, mimi sijasahau kitu."

Arlys alimbusu, akamfungia mlango wa gari.

Mwezi wa Aprili nilikuwa napanga picha za mwaka. Chiriku yule aliniudhi tena, nikamchunguza. Faili lake lilikuwa zito kupita kiasi kwa ndege mdogo vile. Nikaandika Biskuti, nikitumaini nimekosea. Likafunguka.

"Dawa nimezihamisha tena. Daktari ni Jumanne. Mpigie dada yako umtie hofu ya moto. Mnunuzi anataka jibu kabla theluji haijayeyuka."

Barua ilikuwa ya Corinne: huko Milwaukee alifungua tu ukurasa wetu na kusoma kwa neno la siri alilopewa na Delmar, na simu ya mezani haikuonyesha lolote. Nikafungua nyingine. Ndani ya picha ya kigong'ota kulikuwa na habari ya miwani. Ndani ya bundi, habari ya ufunguo. Delmar hakuwa na picha mpya wiki ile ya Januari, akachukua ya zamani akidhani ndege ni ndege tu. Miaka kumi na tisa ameishi na wanawake wale, na hakuwahi kuwasikiliza.

Nilipomwonyesha Arlys, alizipitia picha moja moja. "Hizi nimeziweka mimi," alisema. "Kwa mkono wangu."

Siku ile ile tulikwenda makaoni. Arlys alipiga magoti mbele ya kiti cha mama yake.

"Mama, ulikuwa sahihi. Miwani, ufunguo, hata yule chiriku. Hukusahau kitu. Delmar ndiye aliyekuwa akivificha, akishirikiana na Corinne."

Bi Hedwig alitazama dirishani, kwenye maegesho ya magari.

"Labda," alisema. "Lakini siku hizi nasahau sana, mwanangu. Hata daftari langu la ndege sijui nimeliweka wapi."

Daftari lilikuwa mapajani mwake.

FUNZO

Delmar na Corinne wana kesi, na Arlys anaishi peke yake mjini. Nyumba ilikwisha kubomolewa. Hukumu yoyote itakayotoka haitamrudishia Bi Hedwig imani na akili yake mwenyewe, na hicho ndicho kitu kikubwa walichomwibia. Msidhani mtu ni mkweli kwa sababu ameacha simu mezani. Mzee akikwambia hakusahau, chunguza kwanza kabla hujamhurumia. Nawe unayeona jambo haliko sawa, sema siku ile ile, hata ukiitwa mkorofi. Mimi niliona, nikaandika "picha nzuri", na maneno hayo bado yako pale pale chini ya chiriku. Sijayafuta. Nataka niyaone kila nikifungua ukurasa.